Mwalimu Hakipo na Mengi Tusiyoyahitaji

Tarehe 30 Juni 1998, Mwalimu Lusia Mwanakulya atastaafu kwa mujibu wa sheria, baada ya kuitumikia Hospitali ya Misheni Nsandamo na chuo chake cha uuguzi kwa miaka ishirini na tisa. Mitatu ya mwanzo aliitumia wodini. Iliyobaki yote aliitumia darasani, akiwafundisha vijana wetu mambo ambayo wengi wao hawajakutana nayo mpaka leo.

Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu huu kwa sababu, kwa maneno yao wenyewe, mimi ndiye ninayemfahamu Mwalimu kuliko mtu mwingine yeyote hapa. Ni kweli namfahamu. Nimebishana naye tangu mwaka 1974, nilipokabidhiwa wodi ya wazazi na kuanza kupokea wanafunzi wake. Kamati haikuuliza kama namsifu, nami sikuwakumbusha waulize, maana waliniambia wasifu ukikosekana ukurasa huu utajazwa na ratiba ya vinywaji. Nikaona heri mimi.

Mwalimu alizaliwa Kakese mwaka 1943, mtoto wa mkulima wa mpunga. Alisoma kwa watawa, akapelekwa kusomea uuguzi huko ng'ambo ya Sumbawanga, na mwaka 1969 akashuka kwenye lori hapa Nsandamo akiwa na cheti, viatu vyeupe, na tabia ya kunyoosha shuka hata za kitanda kisicho na mgonjwa. Wazee wa wodini wanasema alikuwa muuguzi mzuri. Sina sababu ya kuwabishia, kwa kuwa sikuwepo, na kwa kuwa muda wenyewe ulikuwa mfupi.

Mwaka 1972 mtawa wa Kizungu aliyekuwa akifundisha chuoni aliugua akarudishwa kwao. Uongozi ukamwomba Mwalimu ashike darasa kwa wiki mbili tu, wakati mwalimu mwingine akitafutwa. Wiki hizo mbili zinakwisha tarehe 30 mwezi huu.

Alirithi kabati moja. Ndani yake mlikuwa na vitabu vilivyochapwa kabla ya uhuru kwa ajili ya wauguzi wa nchi zenye theluji, picha za ukutani za matumbo ya watu weupe, na mifupa ya binadamu iliyotundikwa kwenye chuma, ikiwa imekamilika isipokuwa mkono wa kushoto. Mwalimu hakukubali wanafunzi wasome mtu mwenye mkono mmoja. Alikwenda kwa seremala mmoja wa Kasekese, akamwagiza achonge mkono wa mninga. Seremala alichonga kwa moyo wote, mkono ukang'aa, na kwa ukarimu wake akauongezea kidole cha sita. Mwalimu hakuurudisha. Alilieleza kila darasa kwamba kidole kile ni zawadi ya fundi na kisihesabiwe. Mwanafunzi mmoja mwenye adabu kupita kiasi alikihesabu kwenye mtihani wa taifa, na watahini wakataka kujua wagonjwa wa wilaya ya Mpanda wana nini.

Sasa niseme alichokuwa akifundisha. Alifundisha kinywaji cha yai bichi lililopigwa na brandi kwa mgonjwa aliyedhoofika, kwenye hospitali ambayo yai likionekana linakwenda kwa daktari, na brandi ikionekana inakwenda nisikokujua. Alifundisha mfuko wa barafu wa kuwekwa kichwani, ilhali barafu pekee ya Nsandamo iko ndani ya friji la mafuta ya taa pamoja na chanjo, na atakayeigusa atakiona cha moto. Alifundisha jinsi ya kupanga maua kwenye chumba cha mgonjwa mmoja. Hatuna chumba cha mgonjwa mmoja. Wodi yangu ina vitanda kumi na vinne, juu yake wamelala akina mama ishirini, na chini yake wamelala mama wakwe zao. Maua tuliyonayo ni ya maboga, na huwa tunayala.

Baada ya kushindiliwa yote hayo, vijana waliletwa kwangu vifua mbele. Waliweza kutaja mifupa midogo ya kiganja bila kupumua, lakini hawakuweza kumwambia shangazi wa mgonjwa atoe jiko la mkaa barazani. Walijua namna saba za kumsafisha mgonjwa tumbo, na hakuna aliyejua kuchemsha sufuria ya vyombo kwa kuni mbichi. Aliletwa mzee kutoka Ugalla, kidonda cha mguuni kimejazwa asali, na bibi yake amekaa pembeni akilinda asali ile isifutwe. Mwanafunzi wa Mwalimu akamwamkia bibi, akaanza kumweleza historia ya usafi wa vidonda kwa Kiswahili cha kitabuni. Bibi alikuwa anajua Kikonongo tu. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwona ni mtoto wa watu anayejitahidi, akampa kiazi.

Msimamo wangu ulijulikana, nami niliurudia kila mwaka mbele ya kila aliyekaa karibu. Muuguzi anahitaji mikono safi, maji, moto, macho, masikio na soni kidogo. Hayo yanafundishika kwa mwaka mmoja, tena wodini, na anayeyafundisha si lazima awe na kabati. Mengine ni mapambo. Mwalimu alikuwa akinisikiliza kwa upole, kisha anauliza kama nimemaliza, kisha anakwenda kufundisha mapambo.

Kilichonichosha kuliko vyote ni trei. Kwa wasio wa fani, kila kazi ya uuguzi ina trei yake. Ya kufunga kidonda ina vitu vyake, ya kumtoa mgonjwa mkojo ina vyake, na kila kitu kina mahali pake, kulia au kushoto, mbele au nyuma. Miaka ya sabini vitu vilikuwepo. Baadaye vilianza kupungua, kimoja leo kingine mwakani, na hakuna kilichorudi. Mtu mwingine yeyote angeifupisha trei ilingane na stoo. Mwalimu alikataa. Aliamuru kwamba kifaa kisichokuwepo kiachiwe nafasi yake wazi, kwa ukubwa wake uleule, na mwanafunzi akiifikia nafasi hiyo anyooshe kiganja juu yake, ataje jina la kifaa, aseme kazi yake, kisha atamke, "Kifaa hakipo." Asiyetaja alikatwa alama sawasawa na aliyeangusha mtoto.

Kufikia miaka hii ya tisini trei zilikuwa nafasi tupu zaidi kuliko vitu. Nimewahi kualikwa kutahini. Nilimwona kijana mzima amesimama mbele ya trei yenye bakuli moja na mkasi, anazungusha kiganja hewani kama anayebariki chakula kisichopikwa, huku Mwalimu akiandika alama kwa uso mkavu. Nilitoka nje kucheka. Niliporudi alikuwa bado hajafika nusu.

Wanafunzi walimbandika jina la Mwalimu Hakipo. Alipolisikia kwa mara ya kwanza aliuliza tu kama huwa wanalitamka wakiwa wamenyoosha kiganja.

Hapo ndipo wasifu unanilazimisha nieleze jambo la Februari 1995, kwa kuwa kila mtu hapa analisimulia kwa namna yake na wengi wanalikosea. Wakati huo nilikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa tatu aitwaye Emelyne, binti wa makazi ya wakimbizi ya Katumba, familia yake ikiwa imetoka Burundi alipokuwa bado hajazaliwa. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye kufuata maagizo mpaka unatamani aasi kidogo. Mtoto wa makazi kupata nafasi ya chuo siku zile halikuwa jambo dogo. Alikuwa wa kwanza kutoka kijiji chao, kanisa zima lilimsindikiza hadi barabarani, na akifukuzwa hakukuwa na chuo kingine cha kumpokea.

Ilikuwa mchana, mvua inanyesha. Mashemeji wawili walimleta mwanamke kutoka Kakese kwenye machela iliyofungwa kwenye baiskeli mbili. Alikuwa amejifungua nyumbani asubuhi ile, kondo la nyuma limetoka, lakini damu haikukatika. Walipomlaza kitandani kanga zote tatu zilikuwa zimelowa, na uso wake ulikuwa umeanza kupauka. Nikaagiza trei.

Emelyne aliileta upesi, hilo sitamnyima. Akaiweka juu ya meza, akaanza kupanga. Bakuli. Mkasi. Mpira wa mkojo. Kisha akanyoosha kiganja. Pale kitandani mwanamke anakwisha, na pembeni yangu binti amesimama wima kama yuko mbele ya watahini, anataja kwa sauti safi, sindano ya kukaza kizazi, kazi yake ni kuzuia damu baada ya kujifungua, kifaa hakipo. Akasogeza kiganja kwenye nafasi ya pili. Niliisukuma trei kwa kiwiko, ikaanguka chini na bakuli lake. Nikaweka mkono juu ya tumbo la yule mama, chini ya kitovu, nikausugua mji wa mimba na kuubana mpaka ukawa mgumu kama ngumi, na nikaubana hivyo bila kuachia mpaka damu ikapungua, na Daktari akafika na dripu. Mama yule aliishi. Mwaka jana alileta mchele.

Sikungoja hata nguo ikauke. Nilikwenda kwa Daktari Severini, mganga mkuu wetu, nikataka mambo mawili. Emelyne aondolewe chuoni, kwa kuwa muuguzi anayetaja vifaa mgonjwa akimwaga damu atakuja kuua. Na mtindo wa kutaja visivyokuwepo upigwe marufuku, kwa kuwa ndio uliomfikisha hapo. Daktari alifurahi kuliko nilivyotarajia. Kwa muda mrefu alikuwa akitaka kozi ya miaka mitatu ifanywe ya mwaka mmoja na nusu, apate wauguzi wengi wa haraka, na hapo alikuwa amepata mtu wa kumsemea. Akaitisha kikao keshoye.

Kwenye kikao nilisema kwa kirefu na nilisema vizuri. Niliorodhesha kwa vidole kila kitu wodi yangu inachotumia kwa mwezi mzima, na vidole vya mikono miwili vilitosha. Niliuliza mwanafunzi anasomeshwa miaka mitatu kwa ajili ya nini. Nilisema mimi nimemwokoa mama kwa mkono mtupu, na mkono hauhitaji trei. Daktari aliitikia kwa kichwa muda wote. Mwalimu alikaa amekunja mikono, macho yakiwa dirishani, utadhani tunajadili bei ya sabuni. Nilipomaliza hakuniuliza kama nimemaliza. Alisema tu kwamba kama Emelyne ataondolewa kwa kufanya alichofundishwa, basi aondolewe pamoja na aliyemfundisha, ila kwanza binti aitwe.

Emelyne aliingia akasimama mlangoni. Mwalimu hakumwambia akae. Alimuuliza, kwa sauti ileile ya mtihani, ile sindano ya kukaza kizazi ilikosekana kwenye trei tangu lini.

"Mwaka wa kwanza ilikuwepo, Mwalimu," alisema Emelyne. "Nilikuwa naiweka kulia, nyuma ya bakuli. Baada ya Pasaka ya mwaka wa pili nikaanza kuitaja."

Mwalimu akatugeukia sisi. Alimuuliza Daktari, akaniuliza mimi, akamuuliza na mtunza stoo aliyekuwa ameitwa kuleta chai, kama kuna anayekumbuka ni lini sindano ile ilikwisha hospitalini. Hakuna aliyekumbuka. Tulikuwa tumezoea kubana kwa mkono, na tulikuwa tunajisifia mikono yetu. Hakuna aliyekuwa ameiagiza tena, si kwa sababu ilikataliwa, bali kwa sababu kwenye vichwa vyetu sindano ile ilishakuwa kama yai na brandi, kitu cha vitabuni cha watu wengine.

"Nyie mnataka nifundishe kilichopo stoo," Mwalimu alisema. "Nikifanya hivyo, stoo ikiisha na uuguzi umeisha."

Nilimjibu, na nitamjibu tena nikiulizwa, kwamba yote hayo ni kweli na bado mtu hatajiwi vifaa wakati anakufa. Hapo Mwalimu alikubaliana nami, jambo ambalo halikuwahi kutokea na lilinivuruga. Alimwambia Emelyne kwamba mkono hutangulia na mdomo hufuata, kwamba yeye mwenyewe alikosea kutoisema sentensi hiyo kwa miaka ishirini na mitatu, na kwamba kuanzia siku ile ingekuwa ndiyo ya kwanza kabla ya trei yoyote. Kisha akaomba Emelyne apewe adhabu. Adhabu yenyewe ikawa miezi mitatu ya ziada kwenye wodi yangu, akifanya kazi kwa mikono bila kugusa trei. Daktari, aliyeingia kikaoni na kozi ya mwaka mmoja na nusu mfukoni, alitoka na barua ya kuagiza sindano. Zilikuja kwa treni ya Kaliua baada ya masika, sanduku limelowa upande mmoja. Nakiri kwamba zinafanya kazi.

Emelyne alihitimu mwaka huohuo, tena kwa alama nzuri. Sasa yuko zahanati moja ya upande wa Ugalla, mahali ambapo nyuki ni wengi kuliko wagonjwa. Mtunza stoo wa wilaya hampendi hata kidogo. Anasema wauguzi wengine wakija wanachukua walichopewa na kushukuru, lakini yule binti husimama kaunta anataja mpaka foleni inafika nje. Kila nikisikia malalamiko hayo huwa natikisa kichwa kwa masikitiko. Mwalimu akiyasikia huuliza ametaja vingapi.

Nisimalize bila kuwagusa wataalamu. Mwaka 1996 walitujia watatu kwa gari lenye bendera, wakiwa na kijitabu cha rangi chenye picha, kinachoeleza stadi chache ambazo muuguzi wa vijijini anazihitaji. Walisema utafiti umeonyesha kwamba wanafunzi wetu wanasoma mengi mno. Ungedhani ningewakumbatia. Lakini nilimuuliza mmojawao mara ya mwisho kushika bedipani ilikuwa lini, akanijibu kwamba yeye yuko upande wa sera. Kijitabu chao kilisema muuguzi wa kijijini hana haja ya kujua kwa nini dawa inafanya kazi, ajue tu rangi ya kidonge. Wiki mbili baadaye vidonge vile vile vilikuja vikiwa na rangi nyingine. Mwalimu alikitunza kijitabu. Kiko chini ya mguu wa kile chuma cha mifupa, kwa kuwa sakafu ya darasa imebonyea upande huo, na kwa kweli kimesaidia.

Mafanikio mengine ya Mwalimu yatajwe kwa haki. Amefundisha wauguzi zaidi ya mia mbili, na ukiingia zahanati yoyote kati ya hapa na ziwani utamkuta mmoja wao ananyoosha shuka. Aliongoza kwaya kwa miaka kumi bila kuwa na sauti. Amelea watoto wanne na mume mmoja, Mzee Felisiani, ambaye kila jioni hulazimika kunawa mikono mpaka kwenye viwiko kabla ya kuruhusiwa kula. Hajawahi kuchelewa kazini, hata wakati wa mafuriko ya mwaka jana, alipokuja amebeba viatu vyake vyeupe kichwani. Hakuwahi kumpiga mwanafunzi wala kumtukana. Aliwachosha tu.

Sasa hata mimi nimefikiwa. Kuanzia Julai mosi darasa lile nimekabidhiwa mimi, na mwezi huu nimeshaanza kuingia nijizoeze. Nilidhani Daktari anatania, lakini Daktari hana utani. Alisema kwa kuwa miaka yote hii nimekuwa nikieleza kinachotakiwa kufundishwa, basi nikakifundishe. Wodi ya wazazi inakwenda kwa mwanafunzi wangu wa zamani. Mimi nakwenda kwenye kabati.

Kwa hiyo jioni ya Jumatatu ya kwanza ya mwezi huu nilikwenda nyumbani kwa Mwalimu. Nilimkuta uani anabangua karanga. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, na nikayasema. Nilimwambia kwamba mimi sitafuata njia yake, kwamba nusu nzima ya kabati naitupa, na kwamba nimekuja kwa heshima tu, ajue kabla hajasikia kwa watu. Alinisogezea ungo nisaidie kubangua.

"Kata, mdogo wangu," alisema. "Mimi sitakuwepo, sitakuuliza. Ila usikate ukiwa umejifungia peke yako. Simama mbele yao uwaambie kwa mdomo wako kwamba hiki nyie hamtakijua."

Nilimwona anatafuta makuu kwenye jambo jepesi, kama kawaida yake. Nikaaga. Kinywaji cha yai na brandi nilikifuta kesho yake asubuhi mbele ya darasa zima, na hakuna aliyelia. Maua nayo nikayafuta, wakapiga makofi. Nikaona kwamba kazi ni rahisi na kwamba ilihitaji tu mtu mwenye akili.

Wiki iliyofuata nikafika kwenye neva za kichwa. Ziko kumi na mbili, kila moja ina jina gumu na njia yake. Katika miaka yangu yote ya wodini sijawahi kumwita mtu aje aniangalizie neva ya mgonjwa. Nilisimama mbele ya wale vijana, nikafunga kitabu ili waone nimekifunga, nikawaambia kwamba hizi hawatazihitaji, tunaziruka. Wengi walishusha pumzi. Binti mmoja wa mwaka wa kwanza, Aurélie, naye ni wa kutoka makazi, akanyoosha mkono. Hakuwa na kiburi hata kidogo. Alitaka kujua tu.

"Kwa nini, Sista? Hizo ni za wagonjwa wa wapi?"

Nilikuwa na majibu mengi ya swali la Daktari, na la wataalamu, na la Mwalimu mwenyewe. La swali lile sikuwa nalo, na mtoto alikuwa amekaa na kalamu mkononi, ananingoja nimtajie hiyo nchi ambayo watu wake wana neva vichwani. Nikafungua kitabu. Nilifundisha mpaka kengele, vibaya, nikisoma mstari kwa mstari. Kesho yake nikaendelea, na bado sijamaliza.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Nsandamo, wakiwemo wale uliowachosha, nakushukuru Mwalimu kwa miaka yote hii. Mungu akupe afya njema huko Kakese, mpunga uzae vizuri, na Mzee Felisiani apate siku moja moja ya kula bila kunawa mpaka viwikoni. Tunakutakia mapumziko marefu yenye amani. Usiyaanze Jumatatu, tafadhali. Jumatatu nitakuja na kitabu, kwa sababu neva ya tisa sijaielewa, na Aurélie ameshaniuliza mara mbili.

Recho Katunka
Wodi ya Wazazi, mpaka tarehe 30